Mzigo Unaofungwa Randburg

Kila mwaka, kipupwe kinapoingia katika mji wa Johannesburg, majani ya Ferndale yakakauka na asubuhi zikawa na baridi ya kuuma mifupa, huanza kuja dukani kwangu watu wa namna moja: wanaume kwa wanawake, vijana kwa watu wa makamo, weusi kwa weupe, kila mmoja amechukua jozi ya viatu vizito vya kupandia mlima, akitaka soli ziangaliwe, mishono ipitiwe upya, au mkanda wa shanta utiwe uzi wa pili, kwa kuwa baada ya wiki chache atapanda ndege kwenda Kilimanjaro. Mimi ni fundi viatu hapa Randburg, si mbali na barabara ya Bram Fischer, ambayo nilipofika ilikuwa ingali na jina la Hendrik Verwoerd. Lakini kabla ya kushika sindano na gundi nilikuwa mpagazi wa mlima huo huo, kama alivyokuwa baba yangu kabla yangu, na kwa sababu hiyo mazungumzo ya viatu aghalabu hayachukui muda kabla hayajageuka kuwa mazungumzo ya mlima.

Nataka kueleza namna kazi ile ilivyobadilika katika aushi yangu, kwani nimejaaliwa kuiona kwa pande mbili: upande wa shingo inayobeba, na upande wa meza ambapo mgeni huketi akahesabu fedha zake na siku zake. Na jambo lililonithibitikia kwa miaka yote hii ni kwamba amri zinazomlinda mtu abebaye mzigo katika mwinuko ule, ijapokuwa zimeandikwa Arusha na kubandikwa katika malango ya hifadhi, hutimizwa au huvunjwa mbali sana na malango hayo, katika nyumba za Randburg na za London na za Chicago, siku ile msafiri anapochagua bei.

Nilizaliwa Marangu, katika kihamba cha migomba na kahawa tulichorithi kwa mababu, mahali ambapo mtoto akifungua mlango alfajiri, kabla mawingu hayajajikusanya, hukiona kilele cha Kibo juu ya msitu. Wazee wetu waliuona upande ule kuwa ndio upande wa heshima, nao walitazamia kutoka huko maji ya mifereji na mvua, wala hawakuwa na shauku ya kwenda kusimama juu yake. Shauku hiyo ililetwa na ajinabi. Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni, na kwa kauli iliyopokewa na watu wote wa kwetu, Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alikuwa miongoni mwa walioiongoza safari ile. Mzee huyo aliishi miaka mingi mno, akafariki 1996, akawa kwetu ushahidi kwamba habari ile haikuwa ya watu wawili, ingawa vitabu vya wageni kwa muda mrefu viliwataja wawili tu. Watu wa kwetu walikuwapo, walibeba hema, chakula, vyombo vya kupimia na kuni za kuota. Kilichokosekana ni majina yao.

Wakoloni walijenga vibanda viwili njiani, kimoja wakakiita Bismarck na cha pili Peters. Baada ya uhuru vikapewa majina ya watawala wa Kichaga, Mandara na Horombo, na katika miaka ya sabini, kwa msaada wa watu wa Norwei, zikajengwa nyumba za mbao zenye mapaa ya mteremko mkali ambazo mgeni wa leo huziona akifika mita 2,700 na tena akifika mita 3,700 na ziada. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa 1973, ikafunguliwa kwa wageni 1977. Na mwaka huo huo wa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Kenya ulifungwa, usifunguliwe mpaka Novemba 1983, na wageni waliokuwa wakishuka Nairobi na kuvuka kwa magari wakawa wachache kama matone ya kiangazi. Mlima ulipata basi hifadhi mbili kwa wakati mmoja, ya sheria na ya ugomvi wa majirani, na mimi nilibahatika kuingia katika kazi wakati mtu alipoweza kulala Horombo akasikia upepo peke yake.

Nilibeba mzigo wangu wa kwanza ningali mwanafunzi, wakati wa likizo, nyuma ya baba. Tulibeba kichwani juu ya ngata ya majani ya migomba, na uzito wa mzigo haukujulikana kwa mtu yeyote ila shingo ya aliyeubeba, kwa kuwa mizani haikuwapo. Kiongozi aliuinua kwa mkono mmoja, akatikisa kichwa, akasema unafaa. Mablanketi yetu yalikuwa ya kuazimana. Mgeni alilala kitandani, nasi tulilala katika banda tumebanana, au, katika njia zisizo na vibanda, ndani ya mapango ambayo moshi wa kuni ulikuwa umeyapaka masizi tangu zama za Meyer. Nisimwongopee msomaji kwa kuzipamba siku zile kwa sababu tu zilikuwa za ujana wangu: utulivu wa mlima ulikuwa mkubwa, na shida ya mpagazi ilikuwa kubwa vile vile, ila ilikuwa shida ya watu wachache, nayo haikuonekana.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini aliyonifunza yalikuwa ya kuokoa roho. Siku moja, tulipokuwa tukipumzika chini ya Kibo, karibu mita 4,700, aliniambia: "Mwanangu, ukimwona mgeni anayumba kama aliyekunywa mbege, na mbege hakuna, usimwulize hali yake, maana atasema mzima. Mshushe." Miaka mingi baadaye nilisoma katika vitabu vya matabibu kwamba kuyumba huko ni dalili ya ubongo kuvimba kwa kukosa hewa, na kwamba dawa iliyo bora kuliko zote ni kushuka, hima, hata ikiwa ni usiku wa manane, nikastaajabu kuona kwamba ilimu ile nilikwisha kuipokea kwa sentensi moja, kutoka kwa mtu ambaye hakupata kushika kitabu cha tiba.

Mpaka ulipofunguliwa, na serikali ikalegeza masharti ya biashara, mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1987 mlima uliandikwa katika urithi wa dunia, na jina hilo, lililokusudiwa kuulinda, likawa pia tangazo la kuuita ulimwengu. Makampuni yalizaliwa Moshi na Arusha kwa wingi, mengine yakiwa na ofisi, mengine yakiwa na mkoba na mhuri tu. Njia ya Machame, ambayo wageni hulala katika mahema, ikajaa. Hapa ndipo ilipotokea tofauti ambayo nadhani haijatazamwa ipasavyo: njia ya Marangu ina vitanda, na vitanda vina idadi, hivyo vikijaa mgeni hurudishwa, lakini hema halina mpaka, kwa sababu daima pana nafasi ya kulisimamisha jingine pembeni, juu ya majani yaliyochukua miaka mingi kuota katika baridi ile. Palipokuwa na kambi ya mahema machache pakawa na mji. Vyoo vilikuwa mashimo yaliyofurika, karatasi zilipeperuka mpaka katika miamba, chupa za plastiki zilitupwa vichakani, na miti ya ukingo wa msitu ilikatwa kwa ajili ya moto wa kupikia, mpaka kuni zilipokatazwa.

Mzigo nao ulikua. Mgeni wa zamani alikula alichokula kiongozi, akakaa juu ya jiwe. Mgeni mpya aliandaliwa meza, viti, kitambaa cha meza, matunda mabichi, mitungi ya gesi, na baadaye hata choo cha kubebwa chenye hema lake. Kila raha iliyopandishwa juu ilipandishwa na mtu, na makampuni yaliyoshindana kwa kushusha bei hayakuweza kuipunguza ada ya hifadhi, wala bei ya nyama, wala ya mafuta ya gari. Yalikipunguza kitu kimoja kilichokuwa hakina mlinzi, yaani idadi ya wapagazi na ujira wao. Ndipo nilipoona watu wakibeba kilo 30 na zaidi, nyingine kichwani na nyingine mgongoni, wamevaa viatu vya mpira vilivyopasuka, na tulipofika kambi ya Barafu, katika mita zaidi ya 4,600, usiku ambao maji ndani ya ndoo yaliganda, mwenzangu mmoja akatetemeka mpaka akaacha kutetemeka, jambo ambalo ni baya kuliko lile la kwanza. Tulimlaza katikati yetu mpaka kukapambazuka, tukamshusha. Aliishi. Kampuni iliyotuajiri ilimkata ujira wa siku ambazo hakubeba. Wengine, katika mlima ule ule na katika miaka ile ile, hawakuishi, wakafa kwa baridi wakiwa na umri wa kuoa, na vifo vyao havikuandikwa katika magazeti ya nchi walikotoka wageni waliowabebea.

Niliondoka mwishoni mwa miaka ya tisini. Magoti yalikuwa yamechoka, na Afrika Kusini, ambayo pasipoti yetu ilikuwa haituruhusu hata kuitaja, ilikuwa sasa imefunguka. Niliijua nchi hii kwa namna ambayo kila Mtanzania wa umri wangu aliijua, kwa redio, na kwa wakimbizi wake waliosoma na kuishi Mazimbu, Morogoro. Katika wiki za mwanzo za ugeni wangu hapa Randburg, mama mmoja aliyepita dukani na kiatu cha mtoto alisikia lafudhi yangu, akasimama, akanisalimu kwa Kiswahili kilichonyooka. Alikuwa amelelea watoto wake Mazimbu, na baada ya miaka yote ile alikuwa bado anakumbuka namna ya kuomba chumvi kwa jirani. Nimetaja jambo hili kwa kuwa ni mama huyo aliyeniletea mpanda mlima wangu wa kwanza, mwanawe wa kiume, aliyetaka kuiona nchi aliyozaliwa, na katika nchi hiyo mlima wake.

Baada ya huyo walifuata wengine, na idadi yao ikaongezeka mwaka hadi mwaka. Watu wa Johannesburg wana bidii. Huamka kabla ya jua wakapanda na kushuka ngazi za mawe za Westcliff, au hukwea kilima cha Northcliff kinachoonekana kutoka huku kwetu, ambacho kilele chake kimepita mita 1,800, wakarudi na fahari ya kusema kwamba mji wao wenyewe umekaa juu na kwa hiyo miili yao imekwisha kuzoea. Mimi huwaambia kwa upole kwamba mwinuko wa mji huu ni sawa na wa lango la hifadhi, na kazi huanza baada ya hapo. Katika mita 5,895 pumzi moja humpatia mtu karibu nusu ya oksijeni anayoipata ufukoni mwa Tanga, na hakuna mazoezi ya ngazi yanayoweza kuifanya nusu iwe nzima. Mwili hujirekebisha kwa muda, na muda haununuliwi kwa nguvu za miguu. Bali vijana wenye nguvu ndio aghalabu hupatwa na madhara mapema, kwa kuwa nguvu zao huwapeleka juu upesi kuliko damu yao inavyoweza kujitengeneza.

Julai 2016 jambo hili lilitufikia kwa uchungu. Gugu Zulu, dereva wa magari ya mashindano aliyependwa na nchi nzima, alikuwa amepanda pamoja na mkewe katika msafara wa Trek4Mandela, ambao tangu 2012 umekuwa ukipanda Kilimanjaro ili kukusanya fedha za taulo za kike kwa wasichana wa shule, ukikusudia kuwa kileleni Siku ya Mandela. Tarehe 18 Julai, siku ile ile, ikaja habari kwamba amefariki mlimani, naye ana umri wa miaka 38. Sina la kusema juu ya sababu ya mauti yake, ambayo ni haki ya jamaa zake na matabibu. Nasema tu kwamba kwa siku kadhaa watu waliingia dukani kwangu bila viatu mikononi, wakataka kujua kama mlima ule ni wa kuogopwa. Niliwajibu kwamba naam, ni wa kuogopwa, na kwamba anayeuogopa hukaa juu yake siku nyingi zaidi na huzingatia maneno ya kiongozi wake.

Lakini siku hizo nyingi zina bei, na hapa inapasa kusema wazi jambo ambalo wasimamizi wa hifadhi wanalijua na wageni hawalijui mpaka waone hesabu. Ada ya uhifadhi hutozwa kwa siku: dola 70 kwa kila mtu mzima asiye raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa, ambamo Afrika Kusini haimo; na juu yake huja ada ya kambi au ya kibanda, na tangu Julai 2016 kodi ya ongezeko la thamani juu ya huduma za utalii. Ada hiyo ina faida kubwa, kwa kuwa mapato ya Kilimanjaro hulisha pia hifadhi nyingine za Tanzania ambazo hazina wageni wa kutosha. Wala sina kinyongo nayo. Walakini, ada inayotozwa kwa siku humfundisha mgeni kuona kila siku ya mapumziko kama hasara, akaomba apandishwe kwa siku tano, na kampuni iliyo na njaa ikakubali, hali yeyote aliyefanya kazi mlimani angemwambia achukue siku saba au nane. Natamani siku moja hesabu ile igeuzwe, mgeni alipe ada ya mlima kwa jumla, kisha siku ya ziada ya kuzoea hewa apewe kwa nafuu. Ni shauri la fundi viatu, lakini ni shauri la fundi viatu aliyeshusha watu kwa machela usiku.

Nchi nyingine zina njia zake. Katika bara la barafu la kusini, ambako meli za wageni hupeleka makumi ya maelfu ya watu kila mwaka na ambako Afrika Kusini imo miongoni mwa nchi 12 zilizotia saini mkataba wa 1959, haijuzu kushusha zaidi ya watu 100 mahali pamoja kwa wakati mmoja. Nepal iliamuru mwaka 2014 kwamba kila mpanda Everest ashuke na kilo nane za taka, na kikundi kiweke amana ya dola 4,000 mpaka zioneshwe. Kilimanjaro, ambao hupokea wapandaji wapatao 50,000 kwa mwaka, na nyuma ya kila mmoja watu watatu au zaidi wa kumbebea, haujawekewa mpaka wa namna ile ya kwanza katika njia zake za mahema, na kwa maoni yangu utawekewa tu siku ambayo nchi itakuwa tayari kupata wageni wachache wanaokaa muda mrefu.

Hata hivyo ningekuwa nadhulumu kama nisingetaja mema, kwa maana yapo, na mengi yake yamekuja baada ya mimi kuondoka. Mwaka 2003 ulianzishwa Mradi wa Kuwasaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, unaoazima mavazi ya baridi bila malipo kwa wasio nayo, unaowafundisha, na unaoyachunguza makampuni kwa kuwauliza wapagazi wenyewe baada ya safari. Malangoni na makambini iliwekwa mizani. Siwezi kumweleza mtu asiyebeba maisha yake yote maana ya mizani ile kwangu, nilipoiona kwa mara ya kwanza nilipokwenda nyumbani kumzika baba: kijana aliweka fuko lake, msimamizi akasoma namba, akaandika, na kilo zilizozidi 20 zikatolewa mbele ya kiongozi, mbele ya mgeni, mbele ya watu wote. Chupa za maji za kutupa zimepigwa marufuku mlimani, kulala mapangoni kumekomeshwa, vyoo vimejengwa upya, na tangu 2018 ipo helikopta ya uokoaji mahali ambapo sisi tulikuwa na machela ya chuma yenye gurudumu moja, iliyokuwa ikimrusha mgonjwa juu ya kila jiwe mpaka lango la Marangu.

Kuhusu barafu sina faraja. Mwaka 1912 ilienea karibu kilomita 12 za mraba. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya mbili. Mtaalamu wa Marekani Lonnie Thompson, aliyetoboa barafu ile mwaka 2000 na kutangaza matokeo yake 2002, alikadiria kwamba ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Haikutoweka, lakini nilipoitazama mara ya mwisho niliona kuta zilizosimama mbalimbali, ambazo ujanani mwangu zilikuwa zimeshikana. Sasa makampuni mengine huwahimiza watu waende kuiaga, nao huenda, na kuaga huko kunaongeza msongamano. Wengi hudhani barafu hiyo ikiisha maji ya Uchagani yataisha. Wataalamu wa mimea waliokaa mlimani miaka mingi wamekwisha kuonesha kwamba maji yetu hutoka zaidi katika msitu unaokamata mvua na ukungu, na kwamba mioto iliyokula miti ya juu ya msitu tangu 1976 imetupunguzia maji kuliko kuyeyuka kwa barafu.

Ndiyo maana moto wa Oktoba 2020 ulinikosesha usingizi hapa Randburg, nikitazama picha za mstari mwekundu juu ya kijiji changu usiku baada ya usiku, huku mamia ya watu, wanafunzi wa Chuo cha Mweka miongoni mwao, wakipanda kuuzima kwa matawi na majembe. Maofisa wa hifadhi walieleza wakati ule kwamba ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Niliwasikia watu wengi wakiwalaani wapagazi hao. Mimi nilijiuliza walikuwa na nini cha kupashia, na nani aliyewapa, kwa sababu mtu aliyepewa jiko salama na mahali salama pa kuliwasha hana haja ya kuhangaika na moto vichakani; na kama mpagazi ndiye anayekaa mlimani siku nyingi kuliko kiumbe mwingine yeyote, basi namna anavyolala, anavyokula na anavyojisaidia ndiyo uhifadhi wenyewe, kabla ya mabango na kabla ya ada.

Kwa ajili hiyo nimejiwekea desturi. Mteja akija na viatu, humpa pamoja na risiti karatasi yenye maswali manne ya kuiuliza kampuni yake kabla hajalipa: kila mgeni atakuwa na wapagazi wangapi; wapagazi watalala katika hema lao wenyewe au watangoja wageni wamalize kula ndipo wapewe hema la chakula; watakula mara ngapi kwa siku; na bakshishi itagawanywa mbele ya watu wote au itakabidhiwa kwa mtu mmoja. Baadhi hucheka. Wengi huuliza, na wengine hurudi wakaniambia kwamba walipouliza, kampuni ya bei ya chini kupita zote ilinyamaza.

Mwaka huu alikuja muuguzi mmoja wa hapa Randburg, mama wa makamo, ambaye tangu mwanzo alikataa safari ya siku tano akachukua ya siku nane. Wakati viatu vyake viko mezani, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Horombo, kwani tangu Agosti 2022 intaneti imefika huko, mita 3,720, na kijana anaweza kumwamkia mjomba wake akiwa amekaa juu ya mzigo. "Shikamoo, mjomba," aliniambia, na baada ya habari za nyumbani nilimwuliza mizani ilisomaje. Alisema langoni ilisoma kilo 20 kamili. Kisha akaniambia, bila kulalamika, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, kwamba baada ya kona ya kwanza wenzao wawili waliopimwa pamoja nao walirudishwa nyumbani, na mizigo yao ikagawanywa kwa waliobaki.

Kesho yake yule mama alipokuja kuchukua viatu vyake, nilimwomba karatasi ile, nikaandika chini ya maswali manne swali la tano: je, wapagazi wote waliopimwa langoni watafika kambi ya mwisho, na nani atawahesabu kila jioni? Alilisoma mara mbili. "Baba," akasema, "nitawahesabu mimi." Akatoa simu, akaiandikia kampuni yake pale pale mbele ya meza yangu, akitaka apelekewe majina yao kabla ya siku ya kuondoka.